Kuharisha kwa Watoto: Virusi Hushambulia Wapi?



Akina mama wanaotuletea watoto wanaoharisha hutuuliza mara nyingi: "Sista, maziwa yote yanatoka, si afadhali tumwachishe kwanza?" Tujibu kwa kueleza kinachotokea tumboni.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vimesimama kama nyuzi za taulo. Kila kidole kimefunikwa na chembe hai, ambazo watoto wetu shuleni huziita seli. Zile za kwenye ncha zimekomaa. Ndizo zinazofyonza maji na chakula, na kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Zile za mashinani ni changa. Kazi yao ni kuzaana na kupanda juu kuchukua nafasi ya zilizochakaa.

Virusi vya rota, vinavyoharisha sana watoto wadogo, hushambulia zile za ncha. Ruth Bishop na wenzake walivitambua mwaka 1973 huko Melbourne, Australia. Jina ni la Kilatini, maana yake gurudumu, kwa vile ndivyo vinavyoonekana katika hadubini. Vikiingia katika chembe huzaana humo mpaka chembe ife. Vidole hubaki vifupi, maji hayafyonzwi vizuri, na virusi hutoa pia sumu inayoufanya utumbo umwage maji zaidi. Hata kutapika kuna asili yake: zipo chembe chache za aina nyingine katikati ya hizo, ambazo zikishambuliwa hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu.

Lakini yale mashina kwa kawaida hubaki salama. Ni kama majani yaliyopitiwa na fyekeo: baada ya siku chache huota tena. Kinachoua watoto ni kukaukiwa maji wakati ncha hazijaota.

Basi msimwachishe ziwa. Maziwa ya mama ni maji, chakula na kinga pamoja. Mpeni na maji ya ORS, mkifuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chumvi na sukari vikienda pamoja hupenya katika chembe zilizobaki, na maji hufuata nyuma. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni polepole kwa kijiko. Zinki mtapewa kituoni. Antibiotiki za dukani haziui virusi, na dawa za kufunga tumbo ni hatari kwa mtoto.

Tangu mwaka 2013 kliniki zetu Tanzania hutoa chanjo ya rota, matone ya mdomoni, kuanzia mtoto akiwa na wiki 6. Aliyechanjwa anaweza kuharisha bado, ila mara chache huzidiwa.

Mtoto akiwa na macho yaliyoingia ndani, utosi uliobonyea, akilegea, akishindwa kunywa, au mkiona damu katika choo, mleteni upesi, hata kama ni usiku.