Maneno ya Kufundishia Baleti katika Vikundi vya Vijana wa Majimbo

Mtu akiingia katika chumba cha mazoezi cha kikundi cha baleti cha vijana katika mji wowote wa Marekani, hata ulio mbali na New York, atamsikia mwalimu Mwamerika akiwaamrisha watoto Waamerika kwa Kifaransa. Si kwamba anazungumza nao lugha hiyo. Huwakemea, huwasifu na kuwahesabia mapigo ya muziki kwa Kiingereza, lakini kila tendo la mwili huliita kwa jina lake la Kifaransa. Jambo hili lina mengi ya kumfaa mtaalamu wa lugha, na kwa kuwa wako watoto wa Nairobi, pamoja na wa Kibera, wanaofundishwa mchezo huu, haliko mbali nasi.

Yafaa kwanza tueleze vikundi hivi ni nini. Mwaka 1929 Bibi Dorothy Alexander alianzisha kikundi chake mjini Atlanta, akitaka kijana wa jimbo lile apate kufundishwa na kucheza jukwaani bila ya kuuhama mji wake. Mwaka 1948 Wakanada walifanya tamasha la vikundi vyao mjini Winnipeg. Anatole Chujoy, mhariri wa gazeti la Dance News, aliwahimiza Waamerika wafanye kama hayo, na tamasha la kwanza la namna hiyo Marekani likafanywa Atlanta mwaka 1956. Chama cha taifa cha vikundi vya majimbo kilifuata mwaka 1963. Desturi ya matamasha hayo ni kwamba mwamuzi kutoka nje huvizuru vikundi kimoja kimoja, akatazama kazi zao na kuchagua zitakazoonyeshwa. Wachezaji wengi ni wanafunzi wa shule wasiolipwa, wanaokuja mazoezini jioni baada ya masomo na siku za Jumamosi. Kwa vikundi vingi, fedha ya mwaka hutegemea sana onyesho la The Nutcracker wakati wa Krismasi, mchezo ulioonyeshwa kwanza St Petersburg mwaka 1892, nao una nafasi hata kwa watoto wadogo kabisa.

Kifaransa kiliingia kwa sababu ya historia. Mfalme Louis XIV aliunda chuo cha kucheza mwaka 1661, na Pierre Beauchamp ndiye anayesifiwa kwa kuzipanga namna tano za kuweka nyayo. Warusi walipokuja kuwa mabingwa, hawakuyaacha majina yale. Agrippina Vaganova aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1934. Faida yake ni dhahiri: kijana wa Atlanta aweza kuingia darasani Paris au Moscow akafanya mazoezi bila mkalimani.

Lakini iko hasara pia. Majina haya, kwa Mfaransa, ni maneno ya kawaida yenye picha ndani yake. Plié ni kilichokunjwa, jeté ni kilichotupwa, fondu ni kilichoyeyuka. Mtoto asiyejua Kifaransa hushika sauti tupu. Akiambiwa kwa lugha yake kwamba mguu ushuke kama samli inavyoyeyuka kikaangoni, atafahamu mara moja kwamba asianguke kwa ghafula.

Katika kutafsiri, Kiswahili kina hazina yake. Kutokana na kunja twapata kunjua, na kutokana na hayo mkunjo na mkunjuo. Basi plié yaweza kuitwa mkunjo, na développé, yaani mguu uliokunjwa unapofunguliwa polepole hewani, ikaitwa mkunjuo. Mzizi ni mmoja, na uhusiano wa matendo mawili waonekana katika umbo la neno. Si yote yatakubali hivyo. Frappé haiwezi kuwa mpigo, maana mwalimu ana mapigo ya muziki ya kuhesabu. Na wanaopenda kukopa neno zima wajihadhari: tendu, ikitamkwa Kiswahili, huwa tandu, naye ni mdudu wa miguu mingi mno kwa zoezi linalohitaji mmoja.

Taabu kubwa, hata hivyo, iko katika maneno yetu wenyewe. Kifaransa hutenga jambe na pied. Kwetu mguu huanzia nyongani ukaishia vidoleni. Msingi wa baleti ni kuigeuza miguu ielekee nje, na mgeuko huo wapasa kutoka katika kiungo cha nyonga. Mwalimu akisema tu "geuzeni miguu nje", mtoto atageuza kile kilicho rahisi kugeuza, yaani nyayo, akizishikiza sakafuni. Goti ni mfano wa bawaba: limeumbwa kukunjwa na kunyoshwa, si kusokotwa, nalo ndilo litakaloumia. Kwa hiyo napendekeza amri iwe "geuzeni mapaja", na wayo utajwe kwa jina lake kila unapohusika.

Neno la pili la kuangaliwa ni kuchuchumia. Ni neno zuri, lafaa kabisa kwa kuinua visigino huku uzito ukikaa juu ya vidole vilivyokunjwa, kama afanyavyo mtu anayeufikia mkono susu iliyotundikwa juu. Lakini kusimama juu ya ncha za vidole, katika viatu vigumu vya kazi hiyo, ni jambo jingine. Walimu waangalifu kwa kawaida hawamruhusu mtoto kabla ya umri wa miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi, na hutazama nguvu za vifundo na mgongo kuliko hesabu ya miaka. Matendo haya mawili yakiitwa kuchuchumia yote, mtoto wa miaka 8 aliyeruhusiwa la kwanza atajiona ameruhusiwa na la pili. Naona la pili liitwe kusimama nchani.