Kaa wekundu wametapakaa ufukweni: je, tuwaokote tuwapike?

Binamu yangu anaishi San Diego, California, nchini Marekani. Juni 2015 alinitumia picha ya ufukwe uliogeuka mwekundu. Ukitazama haraka ungedhani mtu kaanika pilipili mchangani. Walikuwa wanyama wadogo mfano wa kamba, wengi wameshakufa, wachache bado wanachezesha miguu. Chini ya picha aliandika: "Dada, nimejaza ndoo. Niwachemshe au niwakaange?" Nilimjibu asiwapike kabisa. Hakufurahi, maana kwetu watu wa pwani kumwaga ndoo nzima ya kitoweo ni kama dhambi. Sababu niliyompa yeye ndiyo ninayokupa wewe hapa.

Wavuvi wa kule huwaita kaa wa jodari, kwa kuwa jodari huwala sana. Wana urefu wa sentimita 2 hadi 8 hivi, na kwa umbo wamekaa kati ya kaa na kamba. Kwao hasa ni pwani ya magharibi ya Baja California, Meksiko. Kaa unaowajua wewe hutambaa chini, lakini hawa huweza kuelea na kuogelea katikati ya maji, kwa hiyo mkondo ukiwa na nguvu huwachukua tu.

Mwaka ule mkondo uliwachukua. Tangu mwishoni mwa 2013 maji ya Pasifiki upande wa Amerika Kaskazini yalikuwa na joto kuliko kawaida, kisha 2015 ikaingia El Niño. Wakati wa El Niño, pepo zinazosukuma maji ya joto kuelekea Asia hulegea, na maji hayo husogea mashariki, kwenye pwani ya Amerika. Wewe wa Tanga, Unguja au Mombasa unaijua El Niño kwa sura nyingine. Ile ya 1997 na 1998 ilituletea mvua zisizokatika, na Kenya ikapata mafuriko, kipindupindu na Homa ya Bonde la Ufa. El Niño yenyewe ni ya tangu zamani, kwa hiyo usiambiwe kwamba kila kaa aliyetupwa mchangani ni mabadiliko ya tabianchi. Lakini bahari zinazidi kupata joto, na joto hilo hupanda juu ya lile la El Niño.

Sasa tuje kwenye ndoo. Mwaka huo huo wa 2015, maji ya joto yalistawisha vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho, kwa wingi ambao pwani ile haikuzoea. Baadhi yake hutengeneza sumu iitwayo asidi ya domoiki. Kaa, kome na dagaa hula vijimea hivyo au hula waliovila, na sumu hubaki mwilini mwao bila kuwaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo taasisi ya bahari ya Scripps, iliyopo hapo hapo San Diego, iliwaonya watu wasile kaa wekundu. Hata kaa wakubwa wa biashara, wanaovuliwa wazima, walikutwa na sumu hiyo, na msimu wao uliokuwa uanze Novemba 2015 ukacheleweshwa kwa miezi.

Watu wengi huniuliza hapa: si nitachemsha vizuri? Kuchemsha huua vijidudu. Sumu hii si kijidudu. Haifi kwa moto, haiharibiki kwenye friza, haitoki kwa ndimu wala chumvi, na haina harufu wala ladha. Mtu atakula, atasifia, kisha ataugua.

Kwa binadamu iligunduliwa Kanada mwaka 1987, baada ya watu zaidi ya 100 kuugua kwa kula kome na baadhi yao kufariki. Huanza na kutapika, kuharisha na tumbo kukata ndani ya saa 24. Kisha huweza kufuata kichwa kuuma, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, degedege, na kupoteza kumbukumbu, ambako kwa wengine hakurudi tena. Wazee na wenye ugonjwa wa figo huumia zaidi.

Ikitokea nyumbani kwako, usipoteze muda na dafu wala maziwa. Haviondoi sumu, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Hospitalini tunasaidia pumzi, tunazuia degedege na kurudisha maji mwilini, kwa hiyo kuwahi ndiko kunakookoa. Akiwa na degedege mlaze ubavu na usimtie chochote mdomoni. Usimlazimishe kutapika. Beba mabaki ya chakula, utuambie kililiwa saa ngapi na nani wengine walikula, hata wasioumwa. Ukiwa Marekani piga 911, au kituo cha sumu 1-800-222-1222.

Sikukatazi uduvi wa sokoni, ulioanikwa na mtu unayemjua. Hata mimi naula, na nazi nyingi. Ninachokataza ni kuokota kilichokufa chenyewe, samaki, kaa au chaza, hasa maji yakiwa yamebadilika rangi au samaki wengi wakielea. Na tusidhani sumu za bahari ni za Wamarekani tu. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wataalamu wanadhani sumu ya kasa nayo hutokana na mwani wenye sumu anaoula. Nyama ile ilikuwa imepikwa.

Kuwagusa kaa wale hakudhuru. Watoto wakicheza nao, wanawe mikono kwa sabuni, na aliyechubuka mguu asafishe kidonda, kwa sababu maji ya joto huzidisha bakteria wanaoingia kwenye vidonda. Mbwa mfunge kamba. Yeye hatasoma ukurasa huu. Binamu yangu alimwaga ndoo, akaniambia usiku ule alikula mayai.