Je, Wajua? Alama ya > na safu ya chisense

Je, wajua kwamba alama za < na > zilionekana kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, kilichochapwa London mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake? Alama ya = ni kongwe zaidi: Robert Recorde aliitumia mwaka 1557.

Alama za < na > ni za kulinganisha, na kulinganisha huanza mapema. Huku Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, mtoto huona watu wakilinganisha mafungu ya chisense, dagaa wa ziwa hili, kabla hajaanza shule. Hata hivyo jicho humdanganya. Panga chisense watano kwa kuwaachanisha, chini yao uweke sita waliobanana. Watoto wengi wa miaka minne au mitano watasema safu ndefu ndiyo yenye wengi. Jean Piaget wa Uswisi aliandika juu ya jambo hili mwaka 1941. Dawa yake ni kuoanisha: mmoja wa juu na mmoja wa chini, mpaka abaki asiye na mwenzake. Hapo ndipo 6 > 5 inapopata maana.

Walimu wengi husema alama ni mdomo wa mamba unaokimbilia chakula kingi. Husaidia kukumbuka, ila mamba asitangulie! Mtoto aoanishe kwanza, aseme kwa lugha ya nyumbani, Kibemba kwa wengi hapa, kwamba sita ni wengi kuliko watano, ndipo aandike. Kisha abadilishe pande: 5 < 6.