Je, Wajua? Antena, Dishi na Mega Ufukweni mwa Tanganyika

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya RN3, baada ya kilomita zipatazo 75 unaingia Rumonge, mji wa mawese, ndagala na Kiswahili. Juu ya mabati madishi yameelekea huku na kule, na kila mwezi mwenye nyumba anarudia hesabu ileile: nilipie king'amuzi, ninunue mega za intaneti, au nisimamishe antena? Haya hapa mambo ya kukusaidia kuamua.

MILIMA, MAJI NA MAWIMBI

Je, wajua kwamba televisheni ya waya ilizaliwa kwa sababu ya milima? Mwaka 1948, katika miji ya Marekani kama Mahanoy City, Pennsylvania, na Astoria, Oregon, watu waliokosa picha walisimamisha antena moja mahali pa juu, kisha wakavuta waya hadi majumbani. Antena ilitangulia, waya ukaja kuitumikia. Mmarekani anayekata waya leo na kurudi kwenye antena anarudi pale ilipoanzia safari.

Je, wajua kwamba Mei 2025 ilikuwa mara ya kwanza kwa Wamarekani kutazama vipindi zaidi kwa intaneti kuliko kwa waya na antena zikijumlishwa? Kampuni ya Nielsen ilipima asilimia 44.8 dhidi ya 44.2. Kwetu Rumonge kinachokatwa si waya, ni malipo ya dishi. Lakini swali ni moja: nani anaamua utakachokiona, na kwa bei gani?

Je, wajua kwamba mawimbi ya televisheni ya antena husafiri karibu kwa mstari ulionyooka? Antena iliyoinuliwa mita 9 upeo wake juu ya maji ni kilomita 12 hivi. Mnara uliosimama mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa upeo wake ni kama kilomita 130. Ziwa Tanganyika, kwa upana wake mkubwa kabisa, halizidi kilomita 72 na halina kilima katikati. Ndiyo maana redio za FM za Uvira, ng'ambo ya ziwa, husikika Bujumbura bila taabu.

Je, wajua kwamba kilima kimoja nyuma ya nyumba kinaweza kukuumiza kuliko kilomita 50 za maji? Mgongo wa milima inayopanda kuelekea Bururi huzuia mawimbi. Jirani wa ufukweni anaweza kupata picha safi huku wewe uliye bondeni ukikosa, hata kama mnara uko karibu nawe kuliko yeye. Kabla ya kununua chochote, panda juu ya paa, tazama upande wa mnara, na uulize waliokuzunguka wanaona nini.

Je, wajua kwamba hakuna antena ya analojia wala antena ya dijitali? Wimbi ni lilelile na chuma ni kilekile. Antena ya zamani iliyokuwa juu ya nyumba ya babu bado inafaa ikiwa imeundwa kwa masafa ya UHF na waya wake haujaoza. Kilichobadilika ni kifaa cha ndani, yaani king'amuzi au runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya dijitali). Muuzaji akitaka uongeze bei kwa sababu ya neno "dijitali" lililoandikwa kwenye boksi la antena, kataa.

Je, wajua kwamba antena yenye vijiti vingi vilivyopangwa mstari mmoja ilibuniwa Japani katika miaka ya 1920? Shintaro Uda ndiye aliyefanya majaribio mengi, lakini jina la Hidetsugu Yagi likaenea zaidi, na hadi leo duniani huitwa antena ya Yagi. Vijiti vyake vifupi ndivyo vinavyopaswa kuelekea kwenye mnara. Wengi huigeuza kinyume, kisha huilaumu televisheni.

Je, wajua kwamba kwa wimbi la megahezi 600, antena sahili kabisa inahitaji sentimita 25 tu za waya wa shaba, zilizogawanywa mikono miwili? Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitengeneza mchana mmoja, na ikiwa mnara uko karibu itafanya kazi.

DIJITALI ILIVYOFIKA

Je, wajua kwamba tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa na mkataba uliosainiwa Geneva mwaka 2006, kuwa ukomo wa kulinda matangazo ya analojia ya UHF barani Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati? Tanzania ilitangulia: ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012.

Je, wajua kwamba masafa yaliyobeba chaneli moja tu wakati wa analojia leo yanaweza kubeba chaneli 10 na zaidi? Ukipata mnara mmoja wa dijitali, unapata kundi zima. Lakini dijitali haina nusu: analojia ilipofifia ulitazama chenga na bado ukasikia sauti, ilhali dijitali ikipungua chini ya kiwango picha hukatika vipandevipande na kuzimika. Kuinua antena mita moja kunaweza kuwa tofauti ya kuona na kutoona kabisa.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973, kabla ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1976? Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Burundi ilipata televisheni yake ya taifa mwaka 1984, na leo RTNB hutoa habari kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Kwa bibi wa Rumonge asiyesoma simu, taarifa hiyo ya habari isiyo na malipo ya mwezi ni haki, na inastahili kufika kila mlima wa Burundi.

DISHI LINATAZAMA WAPI?

Je, wajua kwamba setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sawasawa na dunia hata zikaonekana hazisogei? Ndiyo maana ukishalenga dishi mara moja, unalifunga na kuliacha.

Je, wajua kwamba kwa kutazama dishi tu unaweza kujua jirani anamlipa nani? Setilaiti ya Azam TV iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, yaani magharibi mwa longitudo yetu, kwa hiyo dishi lake Rumonge huelekea magharibi, juu ya ziwa, upande wa rasi ya Ubwari na milima ya Kongo, likiinuka nyuzi 63 hivi. Ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Mawimbi yake hushuka kwa nyuzi 81 hivi, na dishi hulala kama bakuli linalosubiri mvua.

Je, wajua kwamba mvua kubwa humeza mawimbi ya setilaiti kabla hayajafika? Matone ya mvua hufyonza na kutawanya masafa hayo ya juu. Masafa ya antena ya kawaida yako chini zaidi na huathirika kidogo sana. Kwenye ufukwe wetu, ambako mvua hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, hiyo ni sababu tosha ya kuwa na antena hata kama una dishi.

Je, wajua kwamba dishi haliwi chuma chakavu ukiacha kulipa? Ziko chaneli nyingi za setilaiti zinazorushwa bila kufungwa. Ukinunua mara moja kipokezi cha chaneli huria na kulielekeza dishi upya, unazipata bila ada ya mwezi.

Je, wajua kwamba Burundi ni miongoni mwa nchi zilizonufaika na mradi wa Uchina wa vijiji 10,000, uliotangazwa Johannesburg mwaka 2015 na kutekelezwa na kampuni ya StarTimes? Vijiji vilipewa dishi, projekta na umeme wa jua kwa ajili ya maeneo ya umma, pamoja na kaya kadhaa.

MEGA ZINAENDA WAPI?

Je, wajua kwamba Netflix iliingia karibu Afrika nzima kwa siku moja, tarehe 6 Januari 2016? Kwa maelezo yake yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, na saa moja ya picha kali hula hadi GB 3. Familia inayotazama saa 2 kila jioni kwa picha ya kawaida inaweza kumaliza GB 60 kwa mwezi. Kabla ya kuacha dishi, piga hesabu hiyo kwa bei ya mega unazonunua.

Je, wajua kwamba redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde hula chini ya MB 30 kwa saa? GB 1 inakupa zaidi ya saa 30 za kusikiliza. Kwa habari na mahubiri, sauti inatosha.

Je, wajua kwamba redio ya FM ya simu haili mega hata moja? Waya wa spika za masikioni ndio antena yake, ndiyo maana simu nyingi hukataa kuifungua hadi uchomeke.

Je, wajua kwamba nchi yetu isiyo na bahari hupata intaneti kupitia bahari? Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na kutoka pwani data husafiri nchi kavu hadi kwenye mtandao wa Burundi Backbone System. Tangu Septemba 2024 ipo pia Starlink, ambayo setilaiti zake huruka kilomita 550 hivi tu juu ya ardhi.

Je, wajua kwamba Mei 2015, vituo kadhaa vya redio vilipoharibiwa Bujumbura wakati wa jaribio la mapinduzi, waandishi waliokimbilia nje walirudi hewani kwa intaneti na WhatsApp? Vipindi vya Inzamba na Humura vilipita simu kwa simu. Mnara unaweza kuangushwa na mtandao unaweza kuzimwa. Nyumba yenye njia mbili za kupata habari iko salama kuliko yenye moja.

MPIRA

Je, wajua kwa nini mtaa mmoja hushangilia bao moja mara tatu? Mara nyingi antena hupokea kwanza. Mawimbi ya setilaiti yanatumia karibu robo sekunde kupanda na kushuka, mbali na muda wa mitambo. Intaneti hugawa picha vipandevipande na kuvihifadhi kabla ya kuvionyesha, hivyo mara nyingi huchelewa sekunde 20 hadi 60.

Je, wajua kwamba Warundi wamewahi kuwa wafungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania? Amissi Tambwe alifanya hivyo akiwa Simba, kisha akiwa Yanga. Saido Ntibazonkiza alifunga mabao 17 msimu wa 2022/23, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Azam ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuionyesha ligi hiyo, wa shilingi bilioni 225.6. Sasa unajua kwa nini madishi mengi hapa yanatazama magharibi.

MFUKO WA MVUVI

Je, wajua kwamba ada ya mwezi haikutungwa kwa ajili ya mvuvi? Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Mwaka 2024 nchi za ziwa hili zilifunga uvuvi kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei. Baadhi ya kampuni huuza vifurushi vya siku au wiki: viulizie, ulipe ziwa linapotoa.

Je, wajua kwamba ni mtu 1 hivi tu kati ya 10 nchini Burundi mwenye umeme wa gridi? Runinga ndogo ya LED ya volti 12 hutumia wati 15 hadi 25, na paneli moja ya jua yenye betri nzuri huiendesha jioni nzima.

PANGA HIVI

Anza na antena, maana inalipiwa mara moja na haikatwi mwisho wa mwezi. Weka redio ya FM pembeni kwa siku za mvua na za kukosa umeme. Mega zitumie kwa kile ulichokichagua, na ukipata Wi-Fi, pakua kabla ya kutazama. Dishi lilipie wakati wa ligi au mashindano tu. Na penye mlima unaoziba mnara, msinunue madishi kumi kwa nyumba kumi: nendeni pamoja kwa viongozi wa kolini, ngazi ya chini ya utawala, mdai mtambo wa kurusha upya mawimbi. Matangazo ya taifa ni ya umma, na umma unaanzia hapo mlipo.