Vitabu vya Wakfu kwa Ngumbaru wa Soin

Elimu haina mwisho, wahenga wamenena. Lakini vitabu vina mwisho, na mwalimu wa ngumbaru ndiye ajuaye vinapokomea.

Soin, katika Kaunti ya Kericho, ni upande wa joto wa nchi ya Wakipsigis. Juu penye baridi ni majani chai. Chini huku ni miwa na mahindi. Mtu mzima ajaye darasani jioni ametoka kazini, na haja yake haingoji: asome kilo zilizoandikwa kwenye karatasi ya majani aliyochuma, asome maagizo ya dawa ya mtoto, atie sahihi badala ya kidole gumba.

Haja hiyo si ngeni. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilitungwa mwaka 1966, na mwaka 1979 Rais Moi akaanzisha kampeni ya taifa ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watu wazima 38.5 kwa mia, yaani kama milioni 7.8, walikuwa hawajafikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika.

Leo mwalimu ana simu mkononi, na ndani yake mna vitabu tele. Je, achukue chochote? La hasha! Kitu kupatikana bure si hoja ya kuwa ni halali kukitumia upendavyo. Kitabu cha duka kina mwenyewe, na kukinakili chote na kukigawa bila idhini yake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Kuna vitabu vya namna nyingine, ambavyo sisi watu wa pwani hatuoni taabu kuvielewa, kwani tumezoea wakfu. Mwenye kisima hukitoa wakfu: jina lake labaki, ila maji ni ya wote. Ndivyo zilivyo leseni huria za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Mwandishi habaki mikono mitupu. Jina lake lazima litajwe. Lakini amekwisha toa idhini yake mapema.

Masharti husomwa kwa herufi. BY ni kumtaja mwandishi. NC ni kutofanya biashara. SA ni kuitoa kazi uliyoigeuza kwa leseni ile ile. ND ndiyo ya kuangaliwa sana, kwani hairuhusu kugawa kazi iliyogeuzwa, na tafsiri ni kugeuza. Mwalimu wa Soin atakaye kukipeleka kitabu cha Kiswahili katika Kikipsigis na aepukane na ND.

Pa kuanzia papo. African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika. Waweza kuzisoma, kuzichapa, kuzitafsiri na kutunga zako humo humo.

Ila hadithi hizo zilikusudiwa watoto, na hapa ndipo penye mtihani. Mama mwenye wajukuu akipewa kila siku kisa cha kuku na mwewe, ataona anachezewa, na kesho haji. Leseni huria ndiyo dawa: chukua picha na sentensi fupi, badili maneno, weka mzani, bei ya mbolea, siku ya kliniki. Kisha chapa kurasa chache, maana si kila mwanafunzi ana simu ya kufungulia kitabu.

Na ukisha tafsiri, usifungie kabatini. Irudishe pale ulipoitoa, ili mwalimu wa Bureti au Sotik asianze kuchimba kisima ambacho wewe umekwisha kufikia maji yake.