Samani, Sauti na Kumbukumbu: Uhifadhi wa Vyumba vya Kuongozea Safari za Mwanzo za Binadamu Angani

Ikisiri

Makala hii inajadili jinsi vyumba vilivyotumika kuongoza safari za mwanzo za binadamu katika anga za juu vilivyohifadhiwa, au kupotea, nchini Marekani. Aidha, inahusisha mjadala huo na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kilichokuwapo Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja kuu ni kwamba chumba cha kuongozea ni mahali pa usemi kama kilivyo mahali pa mitambo. Uhifadhi unaookoa samani na kuiacha sauti huokoa nusu tu ya urithi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi za nyaraka na za Kiswahili katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Chumba cha kuongozea safari ya anga ni ukumbi ambamo wataalamu hukaa mbele ya meza za mitambo, kila mmoja akiangalia sehemu moja ya chombo: nishati, njia ya kupita, kompyuta, afya ya wanaanga. Kila mmoja huvaa kisikilizio na huzungumza na wenzake kwa maneno machache yaliyokubaliwa. Kiongozi wa safari husikiliza na kuamua. Mtu mmoja tu, ambaye kwa kawaida ni mwanaanga mwenzao, ndiye huzungumza na walio angani, ili wasichanganywe na sauti nyingi.

Urithi wa mahali kama hapo una tabaka tatu: jengo na samani zake, rekodi za sauti na maandishi, na kumbukumbu za watu waliofanya kazi humo. Sera nyingi za uhifadhi hushughulikia tabaka la kwanza kwa kuwa ndilo linaloonekana. Sehemu zinazofuata zinapima matokeo ya mwelekeo huo.

2.0 Vyumba viwili, hatima mbili

Chumba cha kwanza kilikuwa Cape Canaveral, Florida. Humo ndimo zilimoongozwa safari zote za binadamu za mradi wa Mercury, kuanzia ile ya Alan Shepard ya tarehe 5 Mei 1961, pamoja na safari ya Gemini 3 ya Machi 1965. Baada ya hapo kazi ilihamia Houston, Texas. Jengo la Cape Canaveral lilibaki karibu na bahari, likiliwa na hewa ya chumvi, huku asbesto iliyotumika katika ujenzi ikiongeza ugumu na gharama ya kulikarabati. Meza na vifaa vyake vilihamishiwa kwenye kituo cha wageni cha Kennedy Space Center, ambako vinaonyeshwa hadi sasa. Jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2010.

Chumba cha Houston kilipata hatima nyingine. Ndicho kilichoongoza safari ya Apollo 11, iliyomfikisha binadamu Mwezini tarehe 20 Julai 1969, na ndimo wataalamu walimohangaika kuwarejesha salama wanaanga wa Apollo 13 mwaka 1970. Kilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1985, wakati bado kinatumika. Matumizi yake yalikoma mwaka 1992. Tangu hapo hadhi hiyo haikutosha kukilinda: mazulia yalichakaa, baadhi ya vitufe vilinyofolewa na wageni waliotaka ukumbusho, na mpangilio wa meza haukuwa tena ule wa enzi ya Apollo. Hapa pana funzo la kwanza kwa watunga sera. Tangazo la kisheria pekee halizuii uchakavu. Bila fedha za matunzo na taasisi inayowajibika, chumba kinaweza kufa huku jina lake likiwa hai katika orodha ya urithi.

3.0 Ukarabati wa Houston na maamuzi yake

Ukarabati uliokamilika Juni 2019, wiki chache kabla ya kuadhimishwa kwa miaka 50 ya Apollo 11, uligharimu takribani dola milioni 5. Sehemu kubwa ya fedha hizo, dola milioni 3.5, ilitolewa na mji mdogo jirani wa Webster. Meza zilipelekwa Kansas kufanyiwa matengenezo na wataalamu wa makumbusho ya Cosmosphere. Zulia na makaratasi ya ukutani yalilinganishwa na vipande vya asili vilivyobaki. Vikombe vya kahawa, visahani vya majivu ya sigara na majalada ya wakati ule vilitafutwa, vingine katika minada ya intaneti, na kupangwa mezani kana kwamba wenyewe wametoka kwa dakika chache.

Uamuzi mgumu zaidi ulihusu wakati. Chumba kilichotumika kwa karibu miaka 30 kina historia nyingi, nacho hakiwezi kuonyesha zote kwa pamoja. Waliokihifadhi walichagua mwaka 1969, na hivyo wakaondoa alama za miaka ya vyombo vya angani vya baadaye. Uteuzi huo unaeleweka, lakini ni tafsiri ya historia, na kila tafsiri ina kinachoachwa.

Waliofanya kazi humo walishirikishwa, akiwamo Gene Kranz, kiongozi wa zamu iliyoongoza utuaji wa Apollo 11. Ushahidi wao ndio uliosaidia kujua nini kilikaa wapi. Hata hivyo, muda ulikuwa mfupi. Christopher Kraft, kiongozi wa kwanza wa safari hizo na mtu ambaye jengo limepewa jina lake, alifariki dunia tarehe 22 Julai 2019, chini ya mwezi mmoja baada ya chumba kufunguliwa upya.

4.0 Kinachobaki katika sauti

Umuhimu wa sauti unaonekana vizuri katika mfano mmoja wa lugha. Kabla ya kila hatua kubwa, kiongozi wa safari huwauliza wataalamu wake mmoja mmoja, nao hujibu kwa neno lenye maana ya “nenda” au “usiende”. Kwa Apollo 11, Kranz aliona kwamba neno hilo lingekuwa na utata mara chombo kitakapotua. Mtu akisema “nenda” wakati wanaanga wako juu ya uso wa Mwezi, je, anamaanisha kazi iendelee, au waondoke mara moja? Kwa hiyo baada ya kutua swali lilibadilishwa likawa “kaa” au “usikae”. Huu ni uamuzi wa kisemantiki uliofanywa na wahandisi kwa sababu kosa la maana lingeweza kugharimu uhai. Hakuna meza wala zulia linaloweza kuusimulia.

Vivyo hivyo kwa tahadhari ya kompyuta yenye namba 1202 iliyotokea wakati wa kushuka. Jibu lilianza kwa mtaalamu wa chumba cha msaada, likapita kwa Steve Bales aliyesimamia uongozaji wa njia, likafika kwa Kranz, na Charles Duke akalipeleka kwa wanaanga. Mnyororo huo wa kauli, uliokamilika kwa sekunde chache, umehifadhiwa katika kanda tu.

Kanda hizo nazo zilikaribia kupotea kwa njia isiyoonekana: hazikuteketea, ila mashine ya kuzisoma ilikuwa imebaki moja. Kila kanda ilibeba njia 30 za sauti, na mashine hiyo ilisoma njia moja kwa wakati. Kwa mwendo huo ilikadiriwa kwamba kuhamisha sauti za Apollo 11 pekee kungechukua takribani miaka 170. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, wakiongozwa na John Hansen, walitengeneza njia ya kusoma njia zote 30 kwa pamoja, na hatimaye saa 19,000 hivi za mazungumzo zikahamishiwa katika mfumo wa kidijitali.

5.0 Kituo cha Unguja

Mjadala huu unaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mtandao wa Mercury ulitegemea vituo vilivyotandazwa duniani, kwa kuwa chombo kilichozunguka Dunia kilisikika kwa dakika chache tu juu ya kila kituo. Barani Afrika vituo hivyo vilikuwa Kano na Unguja. John Glenn alipozunguka Dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea takwimu na sauti yake na kuzipeleka Cape Canaveral. Kituo kiliendelea na kazi hiyo hadi safari ya mwisho ya Mercury, ya Gordon Cooper, Mei 1963.

Kituo hicho kilizusha mgogoro wa kisiasa. Katika hali ya Vita Baridi, wapinzani wake walihofia kwamba ni kambi ya makombora itakayokifanya kisiwa kilengwe na maadui wa Marekani. Mgogoro huo una upande wa kiisimu unaostahili utafiti: kituo cha kufuatilia na kituo cha kurushia ni vitu viwili tofauti, na Kiswahili cha wakati huo kilikuwa bado hakijapata istilahi thabiti za kuvitenganisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe. Kilifungwa mwaka huo huo, na kazi yake ikahamishiwa Madagaska.

Kwa Unguja, tabaka la kwanza la urithi limekwisha kuondoka pamoja na mitambo. Tabaka la pili liko zaidi katika nyaraka zilizoandikwa kwa Kiingereza na kutunzwa mbali. Lililobaki karibu ni kumbukumbu, nazo ziko katika Kiswahili: za vibarua, walinzi, madereva na majirani, na za walioandamana. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Glenn anapita sasa amevuka miaka 80.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Cape Canaveral inaonyesha kwamba vifaa vinaweza kubaki baada ya jengo kuondoka. Houston inaonyesha kwamba jengo linaweza kurejeshwa iwapo mashahidi na fedha vipo kwa wakati mmoja. Unguja inaonyesha hali ambamo mashahidi pekee ndio wamebaki. Kutokana na hayo, makala inapendekeza mambo manne.

Kwanza, Nyaraka za Taifa Zanzibar, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, ziwarekodi wazee wanaokikumbuka kituo, kwa lahaja zao, na kuzinukuu rekodi hizo kikamilifu. Kazi hii itangulie nyingine zote, kwa sababu ndiyo pekee isiyoweza kuahirishwa. Pili, zitafutwe nakala za nyaraka za kituo zilizoko Marekani na Uingereza. Tatu, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zikusanye msamiati ambao watu waliutumia wenyewe kuelezea mitambo hiyo, kabla ya kubuni mpya. Nne, vituo vya anga ambavyo bado vinafanya kazi katika kanda, kama kile cha Malindi nchini Kenya kilichoanzishwa na Waitalia katika miaka ya 1960, vianze sasa kuhifadhi sauti na kumbukumbu zao. Gharama ya kurekodi fundi aliye kazini ni ndogo kuliko ya kumtafuta baada ya miaka 50.