Miwani Imfaayo Mpanda Pikipiki

Katika nchi ya Didia, mkoani Shinyanga, pikipiki zimekuwa miguu ya watu wengi. Huwachukua wagonjwa hospitali, walimu shuleni na wakulima mnadani. Basi yafaa wenyeviti wa vijiji, walimu na wote wajuao kusoma wafahamu jambo hili: si kila miwani yamfaa mpanda pikipiki.

Pikipiki iendayo mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde moja. Dereva asiyeona mbali sawasawa humtambua ng'ombe au mtoto njiani wakati breki haifai kitu tena.

Kosa lililo kubwa ni kununua mnadani miwani ya kusomea na kuivaa barabarani. Miwani ile imefanywa kwa ajili ya vitu vya karibu. Mtu aonaye mbali vizuri akivaa miwani ya kusomea yenye nguvu ya 2, kila kitu kilicho mbele kupita nusu mita humfifilia. Kwa hiyo kwanza dereva aende hospitali, apimwe kila jicho peke yake, amwambie mpimaji kazi yake, naye akihitaji miwani apewe ya kuonea mbali.

Pili, atazame vioo vyenyewe. Kioo cha kawaida kikipigwa na kijiwe chaweza kuvunjika, na vipande vikaingia jichoni. Aombe polikaboneti, yaani namna ya plastiki isiyovunjika upesi. Lakini plastiki hii huchubuka kwa urahisi, hivyo iwe imefunikwa kwa utando mgumu. Tena vumbi lisifutwe kwa nguo kavu. Miwani ioshwe kwanza kwa maji safi.

Tatu, aendapo kuchagua miwani achukue kofia yake ngumu. Mikono ya miwani iwe myembamba, iliyonyooka, ipite ndani ya kofia bila kubana kichwa. Kwa kuwa miwani haizibi pande zote, kioo cha kofia nacho kishushwe wakati wa vumbi. Miwani myeusi isivaliwe kamwe usiku.

Wazee na walimu, mwonapo dereva akikunja macho ili asome kibao cha mbali, msimcheke. Mshaurini akapimwe, maana abiria aliye nyuma yake amemkabidhi roho yake.